Kombe wa Pwani na Maji ya Kitandililo

Mhadhara wa wazi kuhusu ufugaji wa kombe na chaza, na athari zake kwa mazingira ya bahari

 

Nimechagua kuzungumzia bahari hapa Kitandililo, mkoani Njombe, juu kabisa, mahali ambapo wengi wetu tunaijua bahari kwa kusimuliwa. Najua wapo wanaojiuliza kombe wa Unguja wana shughuli gani na mkulima wa viazi wa Makambako. Jibu la swali hilo ndilo kiini cha mhadhara huu, nami nalitoa mapema ili twende pamoja hadi mwisho. Ufugaji wa kombe na chaza ni njia ya upole ya kupata chakula na kipato baharini, pengine ya upole kuliko karibu zote tunazozijua. Lakini upole huo una masharti matatu: idadi ya wanaofugwa, mahali wanapofugwa, na hali ya maji yanayowafikia. Masharti mawili ya kwanza yako mikononi mwa watu wa pwani. La tatu liko mikononi mwa kila anayeishi kwenye bonde la mto unaoingia baharini, na sisi tuliokaa hapa tumo.

Safari ya maji yetu

Mkoa wa Njombe una migongo ya milima inayoyagawa maji. Maji ya upande wa Ludewa hukusanywa na Mto Ruhuhu na kuingia Ziwa Nyasa. Maji ya upande wa Njombe mjini hushuka kwa Mto Ruhudji hadi Kilombero. Maji ya upande wa Wanging'ombe huteremka kwenye tambarare za Usangu, yakaingia Ruaha Mkuu, yakapita ardhioevu ya Ihefu, kisha mabwawa ya Mtera na Kidatu. Ruaha Mkuu na Kilombero, kila mmoja kwa njia yake, huishia Rufiji. Kwa hiyo mvua inayonyesha upande huu wa Makambako, ikitiririka mashariki au magharibi, mwisho wake ni Bahari ya Hindi kwa mlango wa Rufiji.

Bonde la Rufiji lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 177,000, sawa na karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mto unapokaribia bahari hutawanyika katika mikono mingi na kufanya delta yenye mikoko ya takriban hekta 53,000, msitu mkubwa wa mikoko ulioshikana kuliko wote Afrika Mashariki. Mbele ya delta kipo Kisiwa cha Mafia, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1995. Mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Maji hayo ya mwambao, yenye mikoko, nyasi za baharini na miamba ya matumbawe, ndimo wanamoishi viumbe ninaotaka tuwajue leo.

Kombe na chaza hula nini

Kombe ni mnyama laini aliyefunikwa na magamba mawili. Hujifukia kwenye mchanga au tope la sehemu ambayo maji huifunika yakijaa na kuiacha wazi yakipwa. Chaza ni ndugu yake, ila yeye hujishikiza kwenye mwamba, kwenye mizizi ya mikoko au kwenye kitu chochote kigumu. Katika mwambao wetu jamii maarufu ya kombe ni ile wataalamu wanayoiita Anadara antiquata. Ameliwa kwa karne nyingi, na wachimbuaji wa mambo ya kale hukuta magamba ya viumbe wa aina hii katika mabaki ya miji ya kale ya Waswahili.

Namna anavyokula ndiyo inayoeleza faida zake na madhara yake. Hafukuzi windo wala hachungi majani. Huvuta maji ndani ya mwili, akayapitisha kwenye matamvua yenye vinywele vidogo mno, na hapo hunasa vimea vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyoelea majini pamoja na chembe nyingine. Kinachofaa hukila. Kisichofaa hukifunga kwa ute na kukitema kikazama chini. Maji yaliyochujwa huyarudisha nje. Chaza mkubwa wa mwambao wa mashariki wa Marekani, akiwa katika hali bora kabisa, anaweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku. Wengine huchuja kidogo zaidi, kutegemea umbo, joto la maji na wingi wa tope, lakini kazi ni ile ile.

Wengi hapa tuna mabwawa ya perege, na tunajua kwamba samaki wa bwawani anataka pumba kila siku. Chakula kile kisipoliwa chote huoza, maji yakabadilika rangi na samaki wakaanza kuhema juu ya maji. Anayefuga kombe haongezi chakula baharini. Anaweka wanyama mahali, bahari ikawalisha, naye akavuna. Ndiyo maana wanaojali mazingira hupenda kilimo hiki kuliko ufugaji wa kamba au wa samaki wa vizimbani.

Faida zake kwa maji

Faida ya kwanza ni maji maangavu. Vimea vinavyoelea vikipunguzwa, mwanga wa jua hufika chini zaidi, na nyasi za baharini huota. Nyasi hizo ni malezi ya samaki wachanga, ni chakula cha kasa na nguva, na mizizi yake hushika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Nguva wachache waliobaki Tanzania wanaishi katika maji hayo hayo ya Rufiji, Mafia na Kilwa.

Faida ya pili ni kuondoa rutuba iliyozidi. Naitrojeni na fosforasi ni rafiki wa mkulima, lakini zikiingia baharini kwa wingi hukuza vimea kupita kiasi. Vimea hivyo vikifa huoza, na kuoza hula oksijeni ya maji. Kombe anapokula vimea, sehemu ya naitrojeni hubaki katika nyama na magamba yake. Akivunwa na kupelekwa sokoni, naitrojeni ile hutoka baharini moja kwa moja. Sehemu nyingine huzama na kinyesi chake, na bakteria wa kwenye tope huigeuza kuwa gesi inayorudi hewani.

Ukubwa wa kazi hii unaonekana pale inapokoma. Katika Ghuba ya Chesapeake nchini Marekani chaza walivunwa kwa fujo tangu karne ya 19. Mwaka 1988 mtafiti Roger Newell alikadiria kwamba chaza wa zamani waliweza kuchuja maji ya ghuba yote kwa muda wa siku tatu hadi sita, na kwamba waliobaki wakati ule walihitaji karibu mwaka mzima kufanya kazi hiyo hiyo. Ghuba ile imekuwa na matatizo makubwa ya maji machafu na upungufu wa oksijeni. Kupotea kwa chaza hakukuwa sababu pekee, maana mbolea za mashambani na majitaka ya miji vimechangia sana, lakini ghuba ilipoteza wachujaji wake wakati uchafu ukiongezeka.

Faida ya tatu ni makazi. Magamba yaliyoshikana, nyavu na kamba za wafugaji huwa maficho ya samaki wadogo, kaa na konokono.

Ipo faida ya nne inayotajwa sana siku hizi, nayo naomba tuipokee kwa tahadhari. Husemwa kwamba kombe hupunguza hewa ya ukaa kwa sababu magamba yake yana kaboni. Ni kweli yana kaboni. Lakini kemia ya kutengeneza gamba la chokaa huachia dioksidi ya kaboni ndani ya maji, na mnyama mwenyewe huitoa anapopumua. Kwa hiyo asije mtu kutuuzia shamba la kombe kama dawa ya mabadiliko ya tabianchi. Sababu za kweli za kulipenda zinatosha.

Pale kipimo kinapopita

Kila eneo la bahari lina kiasi cha kombe linachoweza kuwalisha, kama malisho yalivyo na idadi ya ng'ombe yanayoweza kuibeba. Ghuba ndogo isiyobadilisha maji haraka ikijazwa kombe kupita kiasi, wao ndio huanza kukosa chakula. Hukua polepole, hukonda, hushikwa na magonjwa. Kisha njaa huwafikia na wengine, kwa maana vimea vile vile ni chakula cha mabuu wa samaki na cha kombe wa asili wasiofugwa na mtu. Ghuba ya Marennes-Oléron nchini Ufaransa, moja ya sehemu mashuhuri za chaza duniani, iliwahi kujazwa kiasi kwamba chaza walichelewa sana kufikia ukubwa wa kuuzwa. Wafugaji walijifunza kwamba kuongeza idadi kunaweza kupunguza mapato.

Tatizo la pili liko chini. Kinyesi cha kombe wachache ni mbolea ya tope, lakini cha mamilioni waliorundikana mahali pasipo mkondo ni mzigo. Tope huwa jeusi, hutoa harufu ya yai viza, na minyoo na kaa wanaohitaji oksijeni huhama au hufa. Mnyama yule yule anayesafisha maji ya juu anaweza kuharibu sakafu ya bahari akiwekwa pabaya. Ndiyo maana kwanza hupimwa mkondo, halafu ndipo huhesabiwa kombe.

Tatizo la tatu ni namna ya kuweka na kuvuna. Wafugaji wengine husafisha nyasi za baharini ili kupata eneo tupu, wakafukuza samaki waliokuwa na makao pale. Wengine hutandaza nyavu za plastiki kuzuia kaa na ndege, na nyavu zikichakaa hubaki baharini. Wengine huvuna kwa mashine zinazolima sakafu ya bahari na kutimua tope linalofunika kila kitu jirani.

Tatizo la nne ni kuhamisha viumbe kutoka bahari moja kwenda nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa uliangamiza chaza wa Kireno waliokuwa wakifugwa Ufaransa. Badala yao waliletwa chaza wa Pasifiki kutoka Japani na Kanada. Chaza walistawi, lakini safari hizo zilifungua njia kwa viumbe wageni, mmojawapo ukiwa mwani wa Kijapani ambao umeenea katika pwani nyingi za Ulaya. Chaza hasafiri peke yake. Magamba yake hubeba mbegu, mayai na vijidudu.

Kisa cha Venice

Kisa kinachokusanya mambo haya yote ni cha Venice, nchini Italia, mji uliojengwa katikati ya wangwa mpana unaopokea na kutoa maji ya bahari. Mwaka 1983 waliletwa pale kombe wa asili ya Asia, Ruditapes philippinarum, kwa nia ya kuinua kipato cha wavuvi. Walistawi kuliko ilivyotarajiwa. Walienea wenyewe nje ya mashamba, wakawasukuma pembeni kombe wa asili, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mavuno ya wangwa ule yalifikia takriban tani 40,000 kwa mwaka. Watu walipata fedha. Lakini kwa miaka kadhaa uvunaji ulifanywa kwa mashine za kuchimbua sakafu, mahali popote, kila mtu kwa pupa yake. Tope lilitimuliwa, nyasi zikang'olewa, na udongo laini uliotimka ukabebwa na mkondo kwenda baharini. Mamlaka zililazimika kugawa maeneo maalumu ya ufugaji na kuwataka wavuvi wawe wafugaji wenye mipaka. Mavuno hayakurudi katika kilele kile.

Kombe hakuwa na kosa. Aliyekosea ni aliyemleta bila kumjua vizuri, na aliyeruhusu mavuno yatangulie kanuni. Nawaomba vijana mlikumbuke hilo kwa mradi wowote mtakaoletewa, uwe wa samaki, wa miti au wa mbegu mpya.

Akina mama wa Fumba na Bweleo

Sasa turudi nyumbani. Kusini magharibi ya Unguja ipo Ghuba ya Menai, iliyotangazwa eneo la hifadhi mwaka 1997. Kwenye rasi ya Fumba, katika vijiji kama Fumba, Bweleo na Nyamanzi, akina mama wamekuwa wakishuka pwani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, kuokota kombe na chaza kwa kitoweo na kwa kuuza. Kazi hiyo imelisha nyumba nyingi. Kadiri watu na soko walivyoongezeka, kombe walipungua, na waliopatikana wakawa wadogo.

Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Unguja tangu mwaka 1978, ilifanya kazi na akina mama hao, na miongoni mwa wataalamu wake aliyejulikana sana kwa kazi hii ni Dkt. Narriman Jiddawi. Wanavijiji walikubaliana kutenga sehemu za kupumzisha, ambako hakuna anayeokota, ili kombe wakubwa wazae na watoto wao wasambae sehemu nyingine. Pia walijaribu kuzungushia vipande vidogo vya pwani kingo za mawe, wakaweka ndani kombe wadogo hadi wakue. Nazipenda njia hizo kwa sababu zinatumia kombe wa pale pale, hazihitaji mashine, na mwenye shamba huona kwa macho yake mabadiliko ya tope na nyasi.

Kisha, katika miaka ya 2000, wakaingia katika ufugaji wa lulu. Chaza wa lulu hai hufunguliwa kidogo, kipande cha duara hubandikwa ndani ya gamba, na mnyama hukifunika taratibu kwa tabaka linalong'aa. Baada ya miezi kadhaa hupatikana nusu lulu inayotengenezwa herini na mikufu. Kwa mazingira, kazi hii ina maana kubwa, kwa sababu chaza mmoja aliyekuwa na thamani ya kitoweo cha siku moja sasa ana thamani ya kumtunza kwa miezi mingi. Hata hivyo ina sharti lake. Chaza wachanga wakichukuliwa wote kutoka baharini, ufugaji wenyewe utamaliza mbegu. Lazima ziwepo njia za kuwanasa wachanga wanaoelea, vituo vya kutotolesha, na maeneo ya kupumzisha yanayoheshimiwa.

Jambo jingine lilijaribiwa kaskazini magharibi ya Unguja, kwenye Ghuba ya Makoba. Watafiti wa taasisi ile ile walichimba mabwawa ya maji ya bahari wakafuga samaki, na maji yaliyotoka kwa samaki wakayapitisha kwa kombe na chaza, kisha kwa mwani. Samaki walichafua, kombe wakanasa chembe, mwani ukanywa rutuba iliyoyeyuka. Uchafu wa mmoja ukawa chakula cha mwingine. Matokeo yaliyoandikwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalionyesha kwamba wazo hilo linawezekana katika mazingira yetu, ingawa linataka uangalizi wa kila siku wa maji. Mtu wa Kitandililo anayetoa maji ya bwawa la perege na kumwagilia bustani ya mboga tayari anaielewa hekima hiyo.

Hatuna bado Tanzania ufugaji mkubwa wa kombe wa kiasi cha Italia au China. Hiyo ni nafasi njema. Zanzibar iliunda Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi mwaka 2020, na Tanzania Bara nayo inahimiza uchumi wa buluu. Wakati wa kuweka mipaka ni sasa, kabla mashamba hayajajaa. Tunao pia ushahidi kwamba wananchi wanaweza kuhoji. Katika miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa shamba la kamba la takriban hekta 10,000 katika delta ya Rufiji. Wanavijiji wengi wa delta na watetezi wa mazingira waliupinga, suala likafika mahakamani, na shamba lile halikujengwa. Mikoko ambayo ingeingia katika mpango ule bado ni malezi ya kamba, kaa na chaza.

Sharti la tatu: maji kutoka juu

Sasa nafika kwa mkulima wa hapa. Kombe huchuja kila kinachopita. Vimea akivinasa, hunasa pia vijidudu vya kinyesi cha binadamu, mabaki ya viuatilifu na madini ya sumu, na baadhi ya hivyo hukusanyika mwilini mwake kuliko vilivyo katika maji. Mtu akimla kombe kutoka maji yenye majitaka anaweza kupata homa ya matumbo, kuhara au homa ya ini. Vipo pia vimea vya baharini vyenye sumu, na sumu ile haitoki hata kombe akichemshwa. Kwa hiyo shamba la kombe haliwezi kuwa na afya kuliko maji yake. Majitaka ya miji kama Zanzibar na Dar es Salaam ndiyo tishio la karibu zaidi kwa kombe wa maeneo yale.

Sitaki kumtwisha mkulima wa Kitandililo mzigo usio wake. Maji yetu husafiri mamia ya kilomita. Yanayopita Ruaha Mkuu hutuama Mtera na Kidatu, na sasa yote, pamoja na ya Kilombero, huingia Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022 kwa ajili ya kituo cha umeme cha megawati 2,115. Tope jingi hubaki mabwawani. Hilo nalo lina uzito wake kwa delta, kwa sababu mikoko na kamba wa Rufiji wamejengwa na tope na maji matamu ya mto kwa maelfu ya miaka. Delta inataka mto wenye maji ya kutosha, yanayokuja kwa majira yake, yakiwa na tope la kiasi na sumu kidogo iwezekanavyo.

Udongo unaotoka shambani kwetu hujaza mabwawa yanayotupa umeme, na mbolea iliyoyeyuka huendelea na safari hata tope likibaki. Nayo mito inayokauka ni hasara kwa wote. Ruaha Mkuu ulioitwa wa kudumu ulianza kukatika kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa tangu mwaka 1993. Kati ya hapa na delta wapo wakulima wa mpunga, wafugaji, wavuvi, wanyamapori na mitambo ya umeme. Kombe yuko mwisho wa foleni hiyo ndefu, na kila kosa la waliomtangulia humfikia.

Wapo waliolitambua hilo. Pale Cedar Key, mji mdogo wa pwani huko Florida, Marekani, wavuvi walipoteza kazi baada ya wapigakura wa jimbo kupitisha katazo la nyavu mwaka 1994. Wengi wao walifundishwa kufuga kombe. Walipokuwa wafugaji waligundua kwamba vyoo vya mji wao vinavyovujisha maji ardhini ni adui wa mashamba yao, na mji ukajenga mfumo wa majitaka. Kombe waliwafanya watu walinde maji. Mwenye shamba la kombe hawezi kunyamaza maji yakichafuliwa, na huyo ni mlinzi ambaye kila mwambao unamhitaji.

Yanayotupasa

Kwa ndugu zetu wa pwani na kwa wanaopanga sera, ninayo mambo manne. Mashamba yawe ya kombe na chaza wa bahari yetu, na kiumbe mgeni asiingizwe bila uchunguzi wa kina. Kabla ya kutoa eneo, upimwe mkondo, ichunguzwe sakafu, na nyasi za baharini ziachwe. Idadi iongezwe kidogo kidogo, na tope la chini likaguliwe kila mwaka. Akina mama waliokuwa wakiokota kombe tangu enzi za bibi zao wawe wa kwanza kupewa maeneo, kwa sababu wao ndio wanaoijua pwani, na mradi unaowafukuza utakosa walinzi.

Kwa sisi wa huku juu, nayo ni manne. Kwanza, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Najua vinyungu, bustani zetu za mabondeni, ndivyo vinavyotupa mboga na mahindi mabichi kiangazi, na sisemi tuviache kwa siku moja. Nasema viongozi wa vijiji na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji wakae na wakulima, wapime, na wasaidiane kuviondoa taratibu kwenye macho ya chemchemi na kingo za mito. Pale zilipoondolewa shughuli hizo, na mikaratusi iondoke, irudi mivengi na miti mingine iliyokuwa ikilinda maji yetu.

Pili, mbolea ya kupandia na ya kukuzia iwekwe kwa kipimo na kwa wakati wake, ifukiwe, isimwagwe juu mvua kubwa ikinukia. Inayosombwa ni fedha ya mkulima iliyokwenda na maji. Tatu, anayepuliza dawa ya ukungu kwenye viazi au parachichi asioshe bomba mtoni wala asitupe makopo kwenye korongo. Nne, mashamba ya miteremkoni yawe na makinga maji, na kila kaya iwe na choo kisichovujia mtoni.

Walimu, naomba mto ulio karibu na shule uingie katika somo la sayansi. Wanafunzi waangalie rangi ya maji baada ya mvua, wahesabu wadudu walio chini ya mawe, waandike, walinganishe mwaka hadi mwaka. Atakayeanza hivyo darasa la tano anaweza kuwa mtaalamu wa bahari kesho, na Tanzania inawahitaji wengi kuliko iliowapata.

Ndugu zangu wa Kitandililo, ufugaji wa kombe utafaa pwani yetu ukiwa na kipimo, na utadumu maji yakiwa safi. Kipimo watakiweka wenzetu wa Fumba, Mafia na Rufiji. Usafi wa maji unaanza kwenye chemchemi zetu. Kila mmoja wetu atoke hapa akiwa na jambo moja atakalolitenda msimu huu wa kilimo, kwenye shamba lake mwenyewe, kabla ya kumwambia jirani.